Mume wangu kaiita kondomu ya kike mfuko wa rambo

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto watatu. Naishi Makambako na kazi yangu ni ushonaji, hasa sare za shule. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia Dar es Salaam, anavuka Tunduma, anapita Zambia mpaka Kongo, Lubumbashi na wakati mwingine mbele ya hapo. Safari moja inakula wiki tatu, na foleni ikikaza pale Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ndiyo zinafika nne. Akirudi anakaa siku nne au tano, anaondoka tena.

Mtoto wetu wa mwisho ana mwaka na miezi miwili. Nilijifungua kwa kisu, na hicho kilikuwa kisu cha pili. Daktari alinionya nisishike mimba nyingine mapema, angalau miaka miwili ipite. Basi nikaweka vijiti vya uzazi wa mpango. Miezi saba nimetoka damu matone matone, leo inakata kesho inarudi, pedi imekuwa kama nguo ya kila siku. Mwisho nikaenda kuvitoa. Sindano niliwahi kuchoma kabla ya mtoto huyu, nikanenepa na siku zangu zikapotea mwaka mzima, sitaki kurudi huko. Vidonge vya majira najijua, nitasahau.

Hilo si lote, na hili la pili sijamwambia mtu. Mwezi wa tatu mwaka huu nilitokwa na uchafu wenye harufu, nikawashwa, na chini ya kitovu kukawa kunauma. Zahanati walinipa dawa za kumeza, wakanipa na karatasi ya mume wangu ili naye aje atibiwe. Nilimpigia akasema yuko Zambia. Aliporudi akasema yeye haumwi, atatibiwa nini? Karatasi ile mpaka leo iko kwenye mkoba wangu pamoja na futi ya kupimia na chaki. Mama, mimi si mtoto. Barabara ile naijua ina nini. Tulipima virusi wote wawili wakati wa mimba tukakutwa salama, lakini hiyo ni karibu miaka miwili sasa.

Kondomu ya kiume hataki kuisikia. Alishasema mara moja kwamba kondomu ni ya wanawake wa nje. Nilinyamaza. Usiku huo nilikesha macho nikiitafakari hiyo sentensi.

Siku ya kutoa vijiti nesi alinipa kondomu za kike tatu. Alinieleza haraka haraka maana mlangoni kulikuwa na foleni. Nikazificha kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Mume aliporudi, usiku nikaingia nazo bafuni. Mama, ile kitu inateleza kama kambale! Ya kwanza nilipoibana ilinichomoka ikaruka mpaka kwenye maji ya sabuni, nikaitupa. Ya pili ikaingia, lakini pete ya ndani ilikuwa inanichoma, nikarudi chumbani natembea kama mtu mwenye jipu.

Akaigusa. Akawasha tochi ya simu, akaangalia, akacheka mpaka nikaogopa watoto wataamka. "Mama watoto, hii si mifuko ya rambo hii? Serikali imeipiga marufuku sokoni, wewe umeihamishia kitandani?" Nami nikacheka. Tukaendelea. Ilikuwa inalia, chakacha chakacha, halafu katikati ikanyamaza. Tulipomaliza nikapapasa ile pete ya nje, haipo. Imezama. Nilitetemeka mikono, nikajua tayari imeingia tumboni. Niliivuta kwa vidole ikatoka, lakini ilishamwagika. Nilikaa roho juu zaidi ya wiki mbili mpaka nilipoziona siku zangu.

Yeye wala hakujali kumwagika. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Nani kakufundisha haya?" Nikamjibu nesi. Akasema "Sawa," akageukia ukutani. Tangu hapo hajalitaja tena. Ila safari hii alipopiga simu, mara mbili kaniuliza niko na nani.

Shoga yangu ananiambia nivae mapema, nizime taa, hatajua kitu. Nimebaki na moja na mume anarudi wiki ijayo. Nivae kwa siri? Au niachane nayo nirudi kwenye vijiti na damu yake? Na kwani kweli inazuia, au nilidanganywa?

Fundi wa Makambako

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile lililokutetemesha mikono, maana najua bado linakuja usiku. Kondomu haiwezi kuingia tumboni. Mwisho wa uke kuna mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno, haliruhusu kitu cha namna hiyo kupita. Iliyozama imezama ukeni tu, na vidole vyako ndivyo vilivyoitoa. Hukuumia ndani na hukuharibu kitu.

Na kambale wako amenichekesha, nisikufiche. Nilifanya kazi kliniki ya uzazi wa mpango miaka mingi na kila kundi la kina mama nililolifundisha liliirusha angalau moja. Huko nyuma kondomu hii iliwahi kuuzwa hapa nchini kwa jina la Lady Pepeta, na aliyechagua jina hilo nadhani alishaisikia inavyolia.

Sasa tukae tuongee. Nilivyoisoma barua yako, una hofu mbili na umezifunga kwenye kitenge kimoja. Moja ni mimba, wakati kidonda cha kisu cha pili bado kichanga. Nyingine ni maradhi kutoka barabarani. Kondomu umeiona kama dawa ya zote mbili kwa mpigo, na ni kweli ndiyo sifa yake. Lakini hofu hizi hazina uzito sawa wala hazina jibu moja, kwa hiyo naomba tuzifungue tuitazame kila moja peke yake.

Ya mimba kwanza, na hapa nakupa hesabu kama zilivyo. Wakitumia wanawake 100 kondomu ya kike kwa mwaka mzima bila kinga nyingine, kwa namna watu wanavyotumia kawaida, leo wamevaa vizuri, kesho imepinda, keshokutwa wamesahau, wapatao 21 watashika mimba. Wanaoitumia sawasawa kila mara, ni 5 hivi. Ya kiume kwa matumizi ya kawaida ni 13. Wasiotumia kitu chochote, 85. Wenye vijiti, hafiki hata mmoja. Kwa hiyo hukudanganywa, inazuia. Ila kwa mtu aliyeambiwa na daktari asubiri, sijui kama wewe mwenyewe utalala usingizi ukiegemea hiyo peke yake, hasa miezi hii ya kujifunza. Utakaa roho juu kila mwezi kama ulivyokaa.

Umesema "nirudi kwenye vijiti na damu yake" kana kwamba njia ni hizo mbili tu. Ulipokwenda na ile damu, kuna aliyekwambia kwamba mara nyingi inatibika? Zipo dawa za kumeza kwa siku chache zinazotuliza yale matone, na wengine wakipewa wanaendelea na vijiti vyao bila shida. Pia kuna kitanzi cha madini ya shaba ambacho hakina homoni hata chembe, kinakaa miaka kumi na zaidi, na anayekitoa anaweza kushika mimba mara moja. Ubaya wake, miezi ya mwanzo hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kukaza, na wewe damu imeshakuchosha. Kingine, hakiwekwi wakati kuna maambukizi. Yale maumivu chini ya kitovu, je, yaliisha kabisa? Hukuniambia. Kama bado yanakuja yanaondoka, rudi kituo cha afya kabla ya kitu kingine chochote, usingoje mume arudi. Maambukizi ya aina hiyo yanaweza kupanda mpaka kwenye mirija.

Tukija kwenye maradhi, nakuomba ulitazame tena hilo la zahanati. Mara nyingi mgonjwa mwenye uchafu na maumivu hutibiwa kwa dalili, bila kipimo cha maabara, na karatasi ya mwenza hutolewa kama utaratibu. Uchafu wenye harufu unaweza kuwa wa zinaa, na unaweza kuwa bakteria wa ukeni waliovurugika tu, hata kwa mwanamke ambaye mumewe hajawahi kutoka nje. Kuwashwa kunaweza kuwa fangasi. Simtetei baba watoto. Ninachosema ni kwamba karatasi ile si hukumu, na ukimwekea mezani kama ushahidi wa mahakamani, atajitetea kama mshtakiwa. Lakini pia huhitaji ushahidi ili ujikinge. Mwaka na miezi bila kupima, na safari za namna ile, vinatosha kuwa sababu.

Ile sentensi ya "wanawake wa nje" uliyokesha nayo ina mambo mawili ndani. Huenda ni ulimi ulioteleza ukasema ukweli. Huenda pia ni wimbo tu anaourudia. Kondomu kwa miaka mingi imetangazwa kwetu kama kinga ya ukimwi, ikatundikwa kwenye baa na gesti, na ndiyo maana ikiingia chumba cha mke na mume inanuka tuhuma. Wanaume waaminifu wanaisema sentensi hiyo. Wasio waaminifu pia wanaisema. Mimi siwezi kukuambia wako ni yupi, na naona wewe pia hujui. Kutokujua huko ndiko kunakokuchosha kuliko hata kambale.

Twende bafuni sasa, maana nesi hakuwa na muda na mimi ninao.

Hii kondomu ilibuniwa na daktari wa Denmark, Lasse Hessel, na Marekani waliiruhusu mwaka 1993. Ile ya mwanzo ilikuwa ya plastiki ngumu kidogo, hiyo ndiyo ilikuwa inapiga makelele hasa. Nyingi zinazotolewa siku hizi ni za nitraili, yaani mpira wa kutengenezwa, laini zaidi, na zilianza kuruhusiwa huko mwaka 2009. Soma pakiti yako. Kama ni nitraili, hata mafuta hayaiharibu. Kama imeandikwa lateksi, yaani mpira wa asili, mafuta ya nazi au ya mgando yasiiguse, yataitoboa. Kwa wewe uliyetoka kuugua, bora kilainishi cha maji, waombe hapo hapo kliniki. Angalia na tarehe ya kuisha.

Ina pete mbili. Wewe ni fundi, utanielewa upesi. Unapoingiza lastiki kwenye pindo la sketi, unaifunga pini mbele, unaisukuma pini, na lastiki inafuata. Pete ya ndani ndiyo pini yako. Kazi yake ni kuuvuta mfuko mpaka ndani kabisa na kuushikilia huko. Ibane katikati kwa kidole gumba na cha kati mpaka iwe kama namba nane, mfuko ukining'inia chini. Kaa unavyopenda: chuchumaa, au pandisha mguu mmoja kwenye kigoda, au lala chali magoti juu. Iingize ikielekea nyuma, upande wa mgongo, usiielekeze juu. Kisha ingiza kidole ndani ya mfuko, usukume pete mpaka kidole kifike mwisho.

Hapo ndipo ulipokosea usiku ule. Pete iliyokaa mahali pake huisikii kabisa. Ikikuchoma, imeishia njiani, haijavuka mfupa wa kinena. Usivumilie ukatembea kama mwenye jipu, isukume mbele. Ikigoma, itoe uanze upya. Pete ya nje inabaki nje, imelala juu ya mashavu ya uke, na ndiyo maana inakinga hata sehemu ambazo ya kiume haifiki. Hakikisha mfuko haujajisokota.

Halafu kuna jambo ambalo nesi wengi tunalisahau. Uume hauwezi kuujua mlango wenyewe. Shika pete ya nje kwa mkono mmoja na umwelekeze aingie katikati ya pete, kwa mkono wako au wake. Asipoelekezwa anaweza kupita ubavuni, kati ya mfuko na ukuta wa uke, na hapo ni sawa na hamkuvaa. Umesema ilikuwa inalia halafu ikanyamaza. Huenda kunyamaza huko ndiko kulikuwa kuzama: ndani ya mfuko palikuwa pakavu, uume ukaushika ukaukokota pamoja na pete. Kilainishi kikiongezwa ndani ya mfuko, hilo linapungua sana, na kelele nazo zinapungua. Kimya cha ghafla kikitokea tena, simamisheni, papasa pete. Ikiwa imeingia kabla hajamaliza, itoe, vaa nyingine.

Mkimaliza, kabla hujainuka, zungusha pete ya nje mara mbili tatu kama unavyofunga mdomo wa kifuko cha karanga, kisha vuta taratibu. Ifunge kwenye karatasi uitupe kwenye shimo la choo au jalala. Haifuliwi, haitumiki tena. Na kamwe msivae ya kike na ya kiume kwa pamoja, zitasuguana na zote mbili zinaweza kuchanika au kutoka mahali pake. Ikimwagika kama siku ile, usikae wiki mbili umeshika roho. Vidonge vya dharura, hivyo wengi wanavyoviita P2, vinafanya kazi ndani ya siku tano, na kila saa unayowahi ni faida.

Wanawake wengi wanasema mara ya kwanza ni vurugu, ya pili ni kicheko, ya tatu mkono umeshazoea. Na usidhani ni kitu walichoshushiwa wanawake kutoka juu. Zimbabwe mwaka 1996 kina mama walikusanya saini zipatazo 30,000 wakaiomba serikali yao iwaletee. Walitaka kinga inayoanzia mkononi mwao, maana ya kiume inangoja mpaka mwanamume akubali na awe tayari.

Lakini kuanzia mkononi mwako hakumaanishi kwamba haionekani, na hapa ndipo ushauri wa shoga yako unaponipa wasiwasi. Pete iko nje. Akigusa ataijua, na huyu wako alishaikagua kwa tochi. Zima taa zote za Makambako, atakapoisikia ikilia atajua ni rambo. Shoga yako ana nusu ya haki: unaweza kuivaa mapema, hata saa nane kabla, ikapata joto la mwili na ukaisahau. Ila kuvaa mapema ni jambo moja na kuvaa kwa siri ni jingine. Akiigundua katikati ya giza, lile swali la "nani kakufundisha" litarudi, na safari hii jibu la "nesi" litakuwa limepoteza nguvu.

Upo upande mwingine nao, lazima niuseme. Wapo wanawake ambao wakifungua mdomo wanapigwa. Kwao sithubutu kusema "kaeni mzungumze." Katika barua yako sikuona mkono ulioinuliwa, lakini barua haisemi kila kitu. Kama yale maswali ya "uko na nani" yanakutia hofu ya mwili na si ya moyo tu, basi anza na usalama wako: mwambie mtu mmoja wa kwenu unayemwamini, na ujue kwamba kituo cha polisi kina dawati la jinsia. Hilo likiwapo, mengine yote hapa chini yanabadilika.

Kama halipo, kuna njia unayoweza kuijaribu ambayo ni nyepesi kutamka: zungumzia mimba tu. "Daktari kasema nisubiri, vijiti vimenishinda, hii ndiyo niliyopewa." Kila neno ni kweli na halimtuhumu mtu. Wanawake wengi wamepita hapo na mume akakubali siku hiyo hiyo. Hatari yake inakuja baadaye. Siku ukiweka kitanzi, au ile miaka miwili ikiisha, sababu uliyompa imeisha na kondomu nayo imeisha, na hofu ya barabarani imebaki palepale haijawahi kutajwa. Utatafuta kisingizio kipya, au utanyamaza tena.

Unaweza kuyasema yote mawili. Hiyo ina ukweli zaidi na inauma zaidi. Kuna namna ya kuisema isiyoanzia kwake. "Mimi niliumwa, nikatibiwa, naogopa kuumwa tena. Na hatujapima tangu mimba." Ukianza na "wewe na barabara yako," hata mwenye hatia atapata pa kukasirikia. Akikasirika hata hivyo, na anaweza, je, una siku nne za kukaa na hasira hiyo ndani ya nyumba? Wewe ndiye unayemjua.

Ipo ya kupitia kliniki, mwende pamoja, mpime pamoja, apewe dawa iliyoandikwa kwenye karatasi yako ikiwa bado inahitajika, na nesi aongee wakati wewe umenyamaza. Wanaume wengine neno la mke linawachoma, la nesi wanalipokea. Wako siku nne zake za nyumbani anazitumia kulala na kukagua gari, utamtoaje? Kama kliniki haendi kabisa, vipo vipimo vya kujipima virusi mwenyewe, sheria yetu iliviruhusu mwaka 2019, ingawa kikionyesha maambukizi lazima kikahakikishwe kituoni. Kumbuka pia kipimo cha leo hakisemi lolote la uhakika juu ya wiki iliyopita, inabidi kurudia baada ya miezi mitatu. Na kipimo ni cha mpaka leo. Safari inayofuata haimo ndani yake.

Na unaweza kuzitenganisha hofu zako kabisa: mimba uipe njia ya uhakika ambayo haihitaji mjadala wa usiku, kisha kondomu uiache iwe ya maradhi tu, ikikosea siku moja usiwe umepoteza vyote. Hapo utakuwa na utulivu wa kujifunza. Lakini utakuwa pia umebaki uso kwa uso na lile swali lisilo na pa kujificha, maana atakuuliza, "Si una kitanzi? Hii ya nini?" Je, una jibu unaloweza kulitamka ukimtazama?

Narudi kwenye usiku ule. Umeniandikia mambo mawili aliyofanya, kacheka, na kageukia ukutani. Naona la ukutani ndilo limekukaa moyoni. Lakini alicheka kwanza, nawe ukacheka, na mkaendelea. Mwanamume aliyeichukia kabisa angeitupa pale pale. Wapo wanaume wanaoipenda kuliko ya kiume kwa sababu haiwabani na haiwaharakishi kujitoa, na wapo wanawake ambao ile pete ya nje inawafaa kwa namna nisiyohitaji kukuandikia hapa. Huenda kilichomgeuza ni kwamba kaona kitu kigeni kwa mke wake baada ya wiki tatu nje, akaogopa kile kile unachokiogopa wewe. Kwani yeye akiwa Kasumbalesa usiku, anajua nini cha Makambako? Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema tu kwamba hamjaulizana.

Hiyo moja iliyobaki usiitunze kwa ajili ya wiki ijayo. Ifungue kesho watoto wakiwa shule na mdogo amelala, mume akiwa huko huko barabarani. Funga mlango, chukua kigoda, hakuna anayekungoja. Ivae, tembea nayo, kaa kwenye cherehani ushone hata kola moja, uone kama inachoma. Kisha itoe uitupe. Halafu nenda kwa yule nesi siku isiyo na foleni ukaombe nyingine, na usiombe tatu, omba kumi, na kilainishi. Huko ndiko pia utakakouliza habari za maumivu, na za ile damu.

La kumwambia mume utaliamua wewe. Ukipenda niandikie tena kabla hajafika, hata kama ni kuniambia tu kwamba imeruka tena kwenye sabuni.